UZI: Ubongo wa mtoto mchanga si ubongo wa mtu mzima uliopunguzwa saizi

Mshipa001 (mwenye uzi)

Assalam aleikum na habari za jioni wanajamvi. Kuna jamaa kwa ule uzi wa dawa za watoto aliandika ati ubongo wa mtoto ni ule ule wetu, mdogo tu, kwa hivo dawa ni ile ile wakata nusu wampa. Nikataka kumjibu pale pale nikaona komenti haitoshi, nafungua uzi wangu. Mimi nafundisha fiziolojia kwa wanafunzi wa unesi hapa Mombasa na hii mada naipenda kuliko zote kwa hivo mtanivumilia nikirefusha.

Jambo lenyewe ni hili: kuna kemikali kwa ubongo ambayo kwako wewe mtu mzima yatuliza, na kwa mtoto aliye tumboni au ndo kwanza kazaliwa hio hio yaweza kuamsha. Kemikali haijabadilika hata chembe. Kinachobadilika ni seli inayoipokea.

Twende pole pole. Seli za neva hazigusani, baina ya moja na nyengine kuna upenyo mdogo sana, hapo ndo paitwa sinapsi. Seli ya kwanza yamwaga kemikali, nyurotransmita, na ya pili ina protini kwenye ngozi yake za kuidaka, hizo ndo vipokezi. Nyurotransmita ziko nyingi ila kubwa ni mbili, glutameti ya kuamsha na GABA ya kutuliza. Ukimeza diazepamu, ukidungwa fenobabitali (dawa ya degedege), hata ukinywa pombe (msijifanye watakatifu hapa), zote zaisaidia GABA ifanye kazi yake zaidi.

Sasa kipokezi cha GABA, kile cha aina ya A, ni kilango cha kloraidi tu. Chenyewe hakijui kutuliza wala kuamsha. GABA ikikishika chafunguka, basi. Kloraidi ina chaji hasi, ikiingia ndani ya seli, seli yazidi kuwa hasi na yapoa, ikitoka nje, seli yapunguza uhasi na yaamka. Itaingia au itatoka? Yategemea imejaa upande gani. Chukueni geti la feri ya Likoni, asubuhi likifunguliwa umati waja kisiwani, jioni likifunguliwa lile lile umati warudi ng'ambo, na hakuna aliyebadilisha geti, ni watu ndo wamehamia upande mwengine.

Naendelea, msikomenti bado

Mshipa001

Anayehamisha huo umati wa kloraidi ni pampu mbili kwenye ngozi ya seli, ya kwanza yaitwa NKCC1, yaingiza kloraidi ndani, ya pili KCC2, yaitoa nje. Mtoto akiwa tumboni NKCC1 ndo yenye nguvu na KCC2 ni kidogo mno. Kwa hivo ndani ya seli kloraidi imejaa tele, GABA ikifungua kilango kloraidi yatoka mbio na seli yaamka. Baadae KCC2 yaongezeka, kloraidi yapungua ndani, na siku GABA ikifungua kilango kile kile kloraidi yaingia na seli yatulia.

Haya hayakujulikana zamani. Mwaka 1989 Yehezkel Ben-Ari na wenzake huko Paris walirekodi seli za ubongo wa panya wachanga wakaona GABA yaziamsha badala ya kuzizima, na wengi wakaona hiyo haingii akilini. Miaka 10 baadae, 1999, timu ya Helsinki ikaonyesha kwamba KCC2 ndo inayoigeuza GABA ikawa ya kutuliza. Kwa panya mgeuko huo watokea wiki ya pili hivi baada ya kuzaliwa. Kwa binadamu si jambo la usiku mmoja, KCC2 yapanda kidogo kidogo karibu na kuzaliwa na mwaka wa kwanza wote.

Na kuna hii ambayo hunifurahisha kila mwaka nikiifundisha. 2006 watu hao hao wa Ben-Ari walionyesha kwa panya kwamba oksitosini ya mama, ile homoni ya uchungu, ikifika kwa mtoto wakati wa kuzaliwa yageuza GABA kuwa ya kutuliza kwa muda mfupi tu, halafu yarudi kule kule. Yaani mtoto atulizwa kwa ile safari ngumu. Ni panya lakini, kabla hamjaanza kuniuliza habari za sindano ya kuongeza uchungu.

Sasa semeni

TukTuk_Bamburi

Mwalimu kwa hivo huyu wangu akilia saa nane usiku mtaa mzima waamka ni kloraidi

Mshipa001

Huyo ana njaa bro, amka umsaidie mamake

Nesi_wa_Changamwe

😂😂 Lakini mwalimu kwa nini Mungu aumbe hivo? Si ingekua salama zaidi kutulizwa toka mwanzo?

Mshipa001

Dada swali lako ndo lenye utamu wote. Sikiza.

Glutameti ina vipokezi aina kadhaa, viwili vya maana hapa ni AMPA na NMDA. AMPA ni cha haraka, glutameti ikigusa chafunguka saa hio hio. NMDA ni kigumu, katikati yake kuna chembe ya magneziamu imeziba njia, na haitoki mpaka seli iwe tayari imeamka kiasi. Ikitoka, NMDA yaingiza kalisiamu, na kalisiamu ndo inayoiambia seli "sinapsi hii ni ya maana, iimarishe".

Sasa kwa mchanga sinapsi nyingi za glutameti zina NMDA peke yake, AMPA hazijawekwa bado. Glutameti yamwagwa, AMPA hakuna, NMDA imezibwa na magneziamu, kimya. Wataalamu waziita sinapsi bubu. Zitaamkaje basi? Hapo ndo GABA yaja, yaamsha seli kiasi, magneziamu yatoka, NMDA yafunguka, kalisiamu yaingia, AMPA zaletwa, sinapsi yaanza kusema. Yaani ile kemikali itakayokuja kuwa breki ndo inayojenga injini kwanza. Sinapsi za GABA zatangulia kuiva kabla za glutameti, na kama GABA isingeamsha hapo mwanzo sijui kazi hii ingefanywa na nani.

Medi_Mwaka_wa_Nne

Mwalimu kwa heshima, hii ya GABA kuamsha si wote wanakubali. Majaribio mengi ya mwanzo yalifanywa kwa vipande vya ubongo vilivyokatwa na kuwekwa kwa sahani, si mnyama mzima

Mshipa001

Kweli kabisa na nafurahi umelileta. Kuna waliosema kukata kipande chenyewe kwajeruhi seli na kwavuruga kloraidi. Halafu 2015 timu moja Ujerumani ilipima ndani ya panya wachanga walio hai, wakakuta GABA kweli yaisukuma seli moja moja upande wa kuamka, lakini kwa mtandao mzima yapunguza shughuli. Yaani mambo mawili kwa mpigo. Sababu ni kwamba kilango kikiwa wazi chavujisha umeme, kwa hivo hata glutameti ikija inakosa nguvu. Kwa hivo mimi darasani sisemi tena "GABA yaamsha ubongo wa mtoto" kwa mkato, nasema yaisukuma seli changa upande wa kuamka, na matokeo yategemea sehemu gani ya ubongo na umri gani. Ila kwamba kloraidi hushuka na umri na nguvu ya kutuliza huongezeka, hapo hapana ubishi wa maana.

MamaMkubwa_Kuze

Wanangu mimi nasoma tu hizi herufi za kizungu zanipita. Sisi hapo kale mtoto akishtukashtuka na kugeuza macho tulijua ni nyuni, yule ndege wa kishetani, apakwa mvuje, afukizwa, na akikosa usingizi apewa kungumanga kidogo kwa maziwa. Na mbona tulikua

Mshipa001

Shikamoo mama. Maneno yako yana nafasi kubwa kwa uzi huu usijitoe.

Mvuje wa kupaka kwa nje mimi sina vita nao, harufu tu. Kungumanga kwa mchanga naomba tuiwache mama, ikizidi yatia sumu hata mtu mzima, na mchanga ini lake na figo zake hazijaweza kusafisha kitu hicho, na kidogo chake hakuna anayejua ni kiasi gani.

Hio ya kushtukashtuka ndo nataka tuzungumze. Degedege la mchanga wa siku za kwanza mara nyingi halifanani na la mtoto mkubwa mwenye homa. Hatingishiki mwili mzima. Atafunatafuna mdomo mtupu, au miguu yaenda kama yuwaendesha baiskeli, au macho yakaza upande mmoja, au asita kupumua. Mtetemeko wa kawaida ukimshika mkono kwa upole waisha, degedege ukishika laendelea. Mtoto wa hivo ni hospitali saa hio hio, kufukiza baadae. Sababu mara nyingi ni kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, sukari kushuka, maambukizi, au manjano iliyozidi, na zote hizo dakika zina maana. Pale Kilifi KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wametafiti degedege na kifafa cha watoto wa Pwani kwa miaka mingi, na wametafiti pia hizo itikadi za nyuni, kwa sababu mtu humpeleka mtoto kwanza pale anapoamini tatizo limetoka.

MamaMkubwa_Kuze

Marahaba mwanangu. Basi na huko hospitali nako wampa nini

Mshipa001

Fenobabitali mama, ndo ya kwanza kwa mchanga karibu kila mahali duniani. Na hapa ndo yule jamaa wa "kata nusu" nataka asome.

Fenobabitali yafanya kazi kwa kuisaidia GABA. Sasa kama kloraidi ya mtoto bado imejaa ndani, wategemea breki ambayo haijakaza. Utafiti wa Marekani wa 1999 ulikuta fenobabitali peke yake ilidhibiti degedege kwa asilimia 43 tu ya wachanga, na fenitoini, dawa nyengine ya degedege, 45. Mwengine wa 2020 ulioilinganisha na levetirasetamu, dawa mpya zaidi ya kifafa, ulikuta fenobabitali asilimia 80 na levetirasetamu 28, kwa hivo usije ukasikia nasema fenobabitali haifai, bado ndo bora tuliyonayo. Namba zatofautiana kwa sababu watoto walikua tofauti na ukali wa degedege tofauti.

Kingine cha kutisha kidogo: baada ya fenobabitali mtoto aweza kuonekana ametulia, mwili kimya, kumbe kwenye mashine ya kupima umeme wa ubongo degedege laendelea. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba sehemu za chini za ubongo huiva mapema, GABA kule tayari yatuliza, kwa hivo misuli yanyamaza, lakini gamba la juu bado. Manesi mliomo humu, mtoto kunyamaza peke yake si ushahidi.

Medi_Mwaka_wa_Nne

Si kuna ile dawa ya kuzuia NKCC1? Tuliambiwa itakua mapinduzi

Mshipa001

Bumetanaidi, dawa ya kukojosha. Wazo zuri mno kwa karatasi, zuia pampu inayoingiza kloraidi, GABA itulize, fenobabitali ipate nguvu. Wazungu wa Ulaya wakaijaribu kwa wachanga waliokosa hewa. Ikasimamishwa mapema, matokeo yakatoka 2015, watoto 14, degedege halikupungua vya kuridhisha na watatu kati ya 11 waliobaki hai walipata shida ya kusikia. Panya walipona, watoto hapana. Ndo maana nikisikia mtu amesoma utafiti wa panya asubuhi na jioni yuko kwa duka la dawa, moyo huniruka.

BintMwembeTayari

Maalim hebu nisaidie mimi. Mwanangu ana miezi miwili, ana ngiri, daktari kasema apasuliwe na nimeambiwa nusu kaputi yaharibu ubongo wa mtoto kwa sababu hizo hizo vipokezi. Silali

Mshipa001

Dada pole, na Allah amsahilishie. Hofu hio haikutoka hewani. 1999 watafiti walionyesha kwamba panya wa siku saba wakizibiwa vipokezi vya NMDA kwa saa nyingi, seli za ubongo zajiua zenyewe kwa wingi. Seli changa ikikosa ujumbe yafikiri haihitajiki. Ketamini, dawa ya usingizi, yaziba NMDA, gesi nyingi za usingizi zaongeza nguvu ya GABA, kwa hivo watu wakaogopa, na 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa onyo kwa watoto chini ya miaka mitatu, lakini soma vizuri, ni kwa usingizi mrefu wa zaidi ya saa tatu au wa kurudiwarudiwa.

Na wewe una bahati kwamba utafiti mkubwa kabisa ulifanywa kwa watoto wa ngiri hasa, zaidi ya 700, nchi kadhaa, nusu wakalazwa kwa gesi, nusu wakadungwa ganzi ya mgongoni wakiwa macho. Muda wa usingizi ulikua chini ya saa moja kwa kawaida. Walipofika miaka mitano wakapimwa akili, matokeo yakatoka 2019, hakukua na tofauti. Ngiri ya mchanga nayo ikinaswa ni dharura. Muulize daktari wako opareshini itachukua muda gani na nani atamlaza, kama ana uzoefu na wachanga. Hayo ndo maswali, si kama utakubali au la.

BintMwembeTayari

Allah akulipe kheri, umenishusha presha

Kisauni_Mwisho

Mimi nimebaki kwa macho. Nilisikia mtoto akizaliwa na mtoto wa jicho asipopasuliwa mapema hataona hata ukimpasua baadae, hio nayo ni vipokezi?

Mshipa001

Kwa sehemu kubwa ndio, na umeniwahi nilikua naelekea huko.

Hubel na Wiesel, Marekani, miaka ya 60, walifunga jicho moja la paka mchanga kwa wiki kadhaa kisha wakalifungua. Jicho zima, halina kasoro, lakini ubongo haulitaki tena, nafasi yake imechukuliwa na lile jengine. Paka mkubwa ukimfunga hadhuriki, yaani kuna kipindi cha utotoni tu ambacho ubongo hupanga kuona. Wakapewa Nobel 1981.

Ndani ya hicho kipindi ni vipokezi vinavyobadilishana vipande. Kipokezi cha NMDA kimeundwa na vipande vinne, na kwa mchanga kimoja kikubwa chaitwa GluN2B. Hicho chakaa wazi muda mrefu, kalisiamu nyingi yaingia, sinapsi ni rahisi kubadilika. Baada ya kuzaliwa chabadilishwa na GluN2A, ambacho chafunga haraka, na sinapsi yaanza kushikilia ilichojifunza. Na si saa ya ndani peke yake inayoamua. Panya waliolelewa gizani wamechelewa kubadilisha, wakitolewa kwenye mwanga GluN2A zaongezeka ndani ya saa chache. Saa chache! Mwanga waingia jichoni na kipokezi chabadilika umbo. Mimi hapo huwa nawaacha wanafunzi wanyamaze kidogo kabla sijaendelea.

GABA nayo ina mkono wake. Takao Hensch na wenzake 1998 walikua na panya wasioweza kutengeneza GABA ya kutosha kwenye sinapsi, kile kipindi cha macho hakikufunguka kabisa. Wakawapa diazepamu, kikafunguka. Yaani breki lazima ziive kwanza ndo ubongo uanze kuchagua.

Kwa hivo mboni ikiwa na doa jeupe, au picha ya simu yenye flashi jicho moja latoka jekundu na jengine jeupe, mpeleke mtoto kliniki ya macho wiki hio hio. Mtoto wa jicho akiwa jicho moja tu, wapasuaji hupenda opareshini iwe ndani ya wiki sita mpaka nane za mwanzo.

TukTuk_Bamburi

Sasa niseme ukweli swali langu la kwanza lilikua mzaha hili si mzaha. Nina kijana wa mamangu mdogo, miaka 15, kutwa kutafuna muguka, hii jamii ya miraa. Ubongo wake si umeshaiva?

Mshipa001

Bado kaka. Huttenlocher alihesabu sinapsi kwa ubongo wa binadamu akaona sehemu ya kuona yafika kilele mtoto akiwa na miezi minane hivi halafu zaanza kupunguzwa, lakini sehemu ya mbele, ya kujizuia na kupanga, yachelewa mno, na watafiti waliomfuata wakaona kupunguzwa kwaendelea mpaka baada ya miaka 20. Vipokezi vya dopamini navyo, kemikali ya ubongo ya raha na hamu, kwa panya, huongezeka kupita kiasi balehe ikikaribia kisha vyapunguzwa, na kwa madume ndo zaidi.

Muguka una kathinoni, nayo yamwaga dopamini. Wamwagia wakati vipokezi ndo vyapangwa. Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku, mahakama ikasitisha, watu wakabishana biashara na siasa wiki nzima na mimi sikusikia mtu hata mmoja akitaja umri wa anayetafuna. Mtu wa miaka 40 na huyo kijana wako si mazungumzo mamoja.

TukTuk_Bamburi

Ntakaa nae. Asante mwalimu

Nesi_wa_Changamwe

La mwisho mwalimu. Mama mmoja aliniuliza juzi kwa nini njiti wake apewa kafeini, ati "mwampa mwanangu kahawa tungu?" nikakosa jibu zuri la kumpa

Mshipa001

😂 Mwambie ndio, karibu. Kuna kemikali yaitwa adenosini, nayo hupunguza kasi ya kupumua pale chini ya ubongo. Kwa njiti kituo hicho hakijaiva na adenosini yakilemea, ndo mtoto asahau kupumua. Kafeini yakaa kwenye vipokezi vya adenosini na kuvizuia, mtoto apumua. Tena ilijaribiwa kwa watoto wengi, na waliopewa walipata ulemavu wa mtindio wa ubongo kidogo kuliko wasiopewa.

Tofauti na wazee wa baraza ni kwamba wao kafeini yatoka mwilini nusu yake ndani ya saa tano hivi, kwa njiti ni siku tatu nne. Kwa hivo dozi ni mara moja kwa siku, na ikisimamishwa bado iko mwilini, aangaliwe siku kadhaa kabla hajaruhusiwa nyumbani. Kawaida husimamishwa akifikia umri wa wiki 34 hivi ukihesabu toka mimba.

Nesi_wa_Changamwe

Kumbe ndo maana wanakawia kuwaruhusu. Kesho namweleza

MamaMkubwa_Kuze

Mwanangu na wa miezi sita akikosa usingizi basi apewe nini

Mshipa001

Maziwa, nguo kavu, na umbebe mama. Ile dawa ya mafua ya kusinzisha pia msimpe kumlaza, kuna watoto huwageuza wakawa machachari usiku kucha, na wengine yawapunguzia pumzi. Akilia saa nyingi bila kunyamaza au ana joto, kliniki.